Springi za Gari Jeupe

Kufikia mwaka wa tisini na nane nilikuwa nimeshaamini kwamba hakuna jambo duniani la kunishangaza. Nilitoka darasa la tatu nikaenda moja kwa moja machimboni Tiwi kukata mawe ya kujengea, na kwa mikono hii hii nikapata lori, kisha la pili, kisha nyumba ya vyumba vitano Ukunda yenye choo cha ndani. Hoteli ngapi Diani zimesimama juu ya mawe yangu, nimechoka kuzihesabu. Nimeona wenye digrii wakinisubiri barazani niwape kazi ya kuandika risiti. Mvua za El Niño nazo nimeziona zikibeba daraja alfajiri, na kufika adhuhuri mtu ameshafanya biashara ya kuvusha watu mgongoni. Kwa hivyo nilipoambiwa kwamba Wazungu wawili wenye duka la kupiga mbizi Diani wanarudi kwao na wanauza magari yao, nilichukua kofia nikaenda. Watalii walikuwa wamekatika tangu vurugu za Likoni, hoteli zimefunga milango, na mwenye pesa taslimu ndiye aliyekuwa akisikizwa.

Magari yenyewe yalikuwa mapacha. Ya Kijapani, milango miwili, pua ndefu, na yameshushwa chini kwa springi fupi hata kuku hapiti chini yake bila kuinama. Moja jekundu, moja jeupe. Nikachagua jekundu, nikahesabu pesa juu ya meza, nikaondoka polepole na kioo kimeshushwa ili watu wanione. Nilijua kutoka Likoni hadi Lunga Lunga hakuna mwenyeji mwenye gari kama lile.

Raha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano nililiona jeupe limeegeshwa soko la Ukunda, na anayetoka ndani ni muuza machungwa.

Nilikuwa namjua kwa sura. Mtu wa bara, wazee wake walipewa shamba katika ardhi ya makazi kule Shimba Hills, naye akapanda michungwa na kuuzia vijiji vya njiani na hoteli zile chache zilizobaki. Nilimzidi miaka kumi. Msikiti wake ni kanisa, sauti yake ya chini, hana majivuno hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akinunua gari kama lile akajivuna, utamchukia na mambo yatakwisha. Huyu alilipanda kama anayepanda baiskeli. Alikuwa akibebea machungwa ndani yake. Alinisalimu kwa mkono, akasema, "Jirani, naona tumenunua ndugu wawili." Nikacheka, na moyoni nikawaka.

Mvua zilikuwa zimeila lami yote ya kusini. Kufika katikati ya mwaka shokabsoba zangu za nyuma zilikuwa zimekwisha, mafuta yanavuja yote, na springi zimechoka hata nikipita juu ya ganda la nazi tumbo la gari linasugua. Za mbele zilikuwa bado zina uhai. Nilikuwa naendesha nikikata kushoto na kulia kama mlevi, na kila shimo nililoshindwa kulikwepa nililihisi katika meno.

Hali ikiwa hiyo, harusi ya mpwa wangu ikakaribia. Huyu ni binti wa dadangu, wa Msambweni, na anaolewa Ukunda. Asiyetujua sisi Wadigo nimweleze: mjomba ana nafasi yake kwa watoto wa dada yake. Baba ni baba, lakini siku ya kumpeleka msichana kwa mumewe, macho ya watu hutafuta mjomba yuko wapi na amefanya nini. Mimi nilikuwa nimeshatangaza tangu posa ilipopokelewa kwamba mtoto huyu atapelekwa na gari langu jekundu, yeye na somo wake, yule mama aliyemfunda, nyuma, mama yake mbele, mimi usukani, na magari mengine yote yafuate nyuma yetu.

Wiki mbili kabla, nilimchukua mpwa wangu Msambweni aje Ukunda kununua vitambaa. Tulipofika Gazi nikaingia shimo ambalo sikuliona kwa maji. Gari lilipiga chini, likaruka, likapiga tena. Kichwa cha mtoto kikagonga dari. Nikasimama. Alishuka, akachutama kando ya barabara, akatapika. Na nani atokee nyuma? Lile jeupe. Likapita katika shimo lile lile kama linapita juu ya godoro, likasimama taratibu. Mwenyewe akashusha kioo, akauliza kama kuna mgonjwa, akasema yeye anakwenda Ukunda, kama mjomba hana neno. Mpwa wangu hakusubiri nijibu. Alikuwa ameshafungua mlango.

Nilimkuta dukani saa nzima baadaye, anacheka na muuza vitambaa. Aliponiona akasema, "Mjomba, lile gari lake laenda kama umelala. Hata sikujua tumefika." Alisema bila ubaya. Ni mtoto. Lakini maneno hayo niliyalala na kuyaamkia.

Siku chache baadaye dadangu akaja nyumbani, akakaa, akakataa chai. Nikajua kuna jambo. Alizunguka kidogo, akauliza hali ya watoto, kisha akalitoa.

"Kaka, mtoto anaogopa gari lako. Na wale watu wa mume wamesema kama kuna shida, wao watamwomba yule wa machungwa."

"Mimi niko hai," nikamwambia. "Niko hai, na mpwa wangu apelekwe na gari la mtu wa machungwa?"

"Basi litengeneze. Alhamisi kabla ya harusi nitalipanda mimi mwenyewe, Gazi mpaka Msambweni. Nikifika na kichwa changu kizima, mtoto atapanda."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kazi yote ya mjomba, hadhi yangu yote mbele ya ukoo, ikawekwa juu ya vyuma viwili vya nyuma.

Nilikwenda kwa fundi wangu Ukunda, mzee mmoja aliyejifunza kazi katika kiwanda cha sukari kule Ramisi siku zile kikiwa bado kinavuta moshi. Aliinua gari kwa jeki, akapangusa shokabsoba kwa kidole, akanionyesha mafuta. Akanieleza njia tatu. Ya kwanza, vipuri vipya kutoka Mombasa, na kwa bei aliyonitajia ningeweza kununua ng'ombe wawili na kamba zao. Ya pili, raba za kukata kwenye matairi ya lori, tuzishindilie katikati ya springi. Gari litanyanyuka kidogo lakini litakuwa gumu kama kitanda cha jela. Ya tatu, na ndiyo aliyoipenda, twende sote Shimanzi, huko huko Mombasa, kwenye vyuma vilivyotumika vya magari yaliyovunjwa, tutafute shokabsoba fupi na springi fupi zilizotoka gari moja, kwa sababu hivyo viwili vinakwenda pamoja kama mtu na nduguye. Akasema ataibonyeza kila moja kwa uzito wake mwilini, na ile itakayorudi polepole na kwa usawa ndiyo tutakayochukua. Elfu nane, alisema, na kazi yake ndani.

Maneno mazuri. Mtu asiye na donge moyoni angesema twende. Mimi nikamuuliza, "Lile jeupe limetiwa nini?"

Fundi akasema hajui, hajalishika.

"Basi nataka kile kile."

"Bwana, huwezi kutaka usichokijua."

"Nitakijua," nikasema.

Jumapili asubuhi, zikiwa zimebaki siku sita, nilikwenda kanisani kwake Ukunda. Nilivaa suruali nzuri na shati jeupe, nikatia mfukoni futi ya kitambaa niliyoichukua kwenye cherehani ya mke wangu. Gari lilikuwa limeegeshwa upande wa ukuta, ndani wanaimba. Nikalala chali chini yake. Mtu mwenye malori mawili, nimelala chini ya gari la mwenzangu katika uwanja wa kanisa. Lakini niliona nilichokuwa nakitaka. Springi za nyuma hazikuwa zile za Wazungu. Zilikuwa nene kama kidole gumba changu, na kila moja ina alama mbili za rangi ya samawati. Zile nilizijua, ni za stesheni wagoni, gari la kubebea mizigo. Nikahesabu mizunguko yake. Nikapima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, na lo, lilikuwa chini vile vile, inchi kwa inchi, kama langu siku niliyolinunua. Nikawaza, kumbe siri yake ni hii. Springi nene, na gari bado liko chini na linakwenda kama godoro. Nilisikia pia harufu ya machungwa, lakini mtu yule mwenyewe alikuwa akinuka machungwa siku zote, sikuitilia maanani.

Nilipotoa kichwa, mama mmoja mnene mwenye utepe wa kanisa begani alikuwa amesimama juu yangu.

"Baba, umepoteza kitu?"

Nikamwambia pete. Akainama kunisaidia kutafuta. Tukatafuta pete ambayo haikuwako, mimi na yeye, mpaka ibada ikaisha na watu wakatoka. Desturi yao Jumapili ile ni kuuza kwa mnada sadaka zilizoletwa, ndizi, mayai, kuku. Muuza machungwa aliponiona uso wake ukafurahi kweli, akanishika mkono akawaambia wenzake kwamba huyu ni jirani yake, mtu mkubwa, wamkaribishe. Wakapiga makofi. Mtu akipigiwa makofi ataondoka vipi mikono mitupu? Nikanunua jogoo mmoja, shilingi mia tatu na hamsini, na jogoo mwenyewe amekonda. Muuza machungwa alinunua mkungu wa ndizi kwa bei kubwa kuliko hiyo, akautoa tena uuzwe mara ya pili. Watu wakamshangilia. Hata katika kutoa alinishinda.

Jumatatu nikavuka feri, nikazunguka Shimanzi peke yangu, fundi sikumwita. Nikazipata springi za alama mbili za samawati. Elfu tano na mia mbili, nami nilikuwa na haraka, sikubishana sana. Shokabsoba sikununua. Nilijiambia springi zikiwa nene vile, shokabsoba itakuwa na kazi gani.

Fundi alizipima kwa macho. Halafu akauliza swali moja. "Ulipolipima lile jeupe, lilikuwa tupu?"

"Halikuwa na mtu hata mmoja ndani. Wote walikuwa kanisani."

Akazifunga. Akateremsha jeki. Jekundu langu likabaki limeinua makalio juu kama kunguru anayekunywa maji. Waliokuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama sasa nitalifunga plau nyuma nikalime Shimba Hills. Nikamwambia fundi azikate, mzunguko mmoja na nusu kila upande. Akasema chuma kile kikikatwa hakirudi tena. Nikamwambia chuma ni changu. Akakata. Gari likashuka, alhamdulillahi, likawa na sura yake. Lakini nilipoliendesha hadi njia panda ya Diani niligundua kwamba sasa halina springi kabisa. Kila kijiwe kilipanda kikanigonga uti wa mgongo. Kwenye tuta la mbele ya skuli lilirusha sehemu ya nyuma hewani, na shokabsoba zangu zilizokufa zikaliacha lirukeruke mpaka lichoke lenyewe.

Alhamisi dadangu akapanda Gazi, kama alivyoahidi. Nilikwenda mwendo wa jongoo. Kabla hata ya kufika nusu ya njia alinigusa bega nisimame, akashuka, akafunga leso yake vizuri, akaenda zake kwa miguu. Nilimfuata nyuma na gari, taratibu, nikimsihi apande. Hakugeuka. Watu wa barabarani walidhani tumegombania mirathi.

Nilirudi kwa fundi nikakaa juu ya tairi kuukuu. Hapo ndipo jeupe likaingia gereji.

Muuza machungwa alishuka, akamsalimu fundi, akaja mbele yangu akasimama kama mtu aliyeitwa na chifu. Akasema watu wa mume wamemwomba ambebe bibi harusi Jumamosi.

"Nimekuja kukuuliza wewe kwanza," akasema. "Nimeambiwa hapa kwenu mjomba ndiye mwenyewe. Ukisema hapana, mimi nitakataa."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kwa heshima. Nilikwangua tope kwenye tairi nililokalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kuninyang'anya, na huyu amekuja kuniomba ruhusa, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Yeye akainama kutazama chini ya gari langu. Akatazama kwa muda. Hakucheka. Ingekuwa mimi, ningecheka mpaka wasikie Kinondo.

"Jirani, hizi ni kama zangu."

"Ndizo," nikasema. "Lako linakwendaje laini hivyo?"

Akaenda nyuma ya gari lake akafungua buti. Magunia matatu ya machungwa, yamebanana hata kifuniko kilikuwa kikilalamika. "Hii mzigo haitoki," akasema. "Nikishusha hoteli, narudi na mbolea. Ndio maana niliweka za stesheni wagoni. Siku ikiwa tupu, hata mimi siwezi kuiendesha, inanipiga kama punda."

Mimi, niliyepakia mawe kwenye malori miaka kumi na mitano, ninayejua kwa kutazama tairi tu kama lori lina tani saba au nane, nilipima gari la mtu likiwa na mzigo nikadhani ni tupu. Fundi aligeuka akajishughulisha na spana zake. Alikuwa mtu mwema yule mzee.

Kisha muuza machungwa akasema neno ambalo liliniuma kuliko yote. Alisema zile springi fupi za Wazungu pamoja na shokabsoba zake, alizozitoa siku alipoanza kubeba machungwa, ziko stoo nyumbani, zimefungwa kwenye gunia, hazijatembea miezi sita. Magari ni mapacha, zitaingia bila kukata wala kuchomelea. Atanipa.

"Unaniuzia," nikasema.

"Nakupa. Ni harusi."

"Sichukui cha bure. Taja bei."

Tukabishana kinyume, mnunuzi anapandisha na muuzaji anashusha, fundi akitusikiliza na mdomo wazi. Yeye akataja elfu moja. Mimi nikamhesabia tatu nikazitia katika mfuko wa shati lake mwenyewe. Akaniuliza zile nilizokata kama naziuza, maana angezihitaji akiba. Fundi akamwonyesha zilivyokatwa, akatikisa kichwa.

Ijumaa kabla ya swala gunia lilifika. Fundi alizibonyeza moja moja kifuani, zikarudi polepole, kwa usawa, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Baada ya swala nilikwenda Msambweni nikamwomba dadangu apande tena. Alinitazama sana, akapanda. Tulipopita Gazi alikuwa anazungumza habari za pilau, na hakuacha kuzungumza. Hilo likanitosha.

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu. Somo wake pembeni yake nyuma, dadangu mbele amejifunika buibui jipya, mimi usukani na kofia ya kazi nzuri kutoka Lamu. Magari kumi na moja nyuma yetu, yakipiga honi tangu Msambweni. Mashimo yalikuwepo, lakini gari liliyameza moja moja. Hina ya mtoto haikuharibika, kichwa hakikugonga dari. Tulipopita Mwabungo nikamsikia nyuma, sauti ndogo chini ya shela.

"Mjomba, leo gari lako laenda kama lile jeupe."

Nikasema ahsante mwanangu. Nikatazama kioo. Lile jeupe lilikuwa la mwisho kabisa katika msafara, nimemweka nyuma mimi mwenyewe, amebeba kreti za soda za wageni, na bado kwenye kila kijiji niliona wanawake wakinipigia vigelegele mimi, kisha wakibaki pale pale barabarani mpaka yeye apite, nao wakimpungia mkono. Alikuwa ameshushia kila kijiji machungwa kwa miezi mingi. Walikuwa wanamjua. Niliendesha hadi Ukunda jicho moja barabarani na jicho moja katika kioo, na nilipomkabidhi mtoto kwa watu wake, watu wakanishika mkono wakasema mjomba umefanya kazi, kitu cha kwanza nilichotafuta ni kuona kama yeye anawatazama wakinishika.

Jioni mke wangu aliniuliza kazi yote ya springi ilinigharimu kiasi gani. Nilimwambia elfu tano. Dadangu nilimwambia elfu ishirini, ajue mtoto wake alipelekwa na nani. Yule fundi hakuuliza, kwa sababu alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba ingetosha elfu nane. Hesabu ya kweli, pamoja na mkono wa fundi, feri, petroli na yule jogoo, ilikuwa shilingi elfu kumi na moja, mia nne na sabini.